Nzuri, Ila

Mwanangu Noeli,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua ya nyumbani inaanza hivi: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako. Mwalimu wetu alikuwa mkali. Ukiruka sentensi hiyo anakurudisha ukaanze upya, hata kama una homa na unatetemeka kwenye dawati. Nimeandika sentensi hiyo maisha yangu yote. Leo nimeiandika, nikaitazama, nikaikata kwa kalamu. Nimechukua karatasi nyingine, na hii ndiyo unayoisoma.

Umekwenda kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachia mapema. Jua bado lipo, nimekaa mlangoni. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Isome kabla hujatoka chumbani kesho. Mambo ya nauli, blanketi na kitambulisho tumeshayasema, na usipoyakumbuka, baba yako mdogo Yuda atakukumbusha mpaka umchukie.

Nianze na Yuda, maana yeye ndiye aliyeleta habari. Alirudi kutoka Babati wiki iliyopita, wewe ukiwa umeshakuja mapumzikoni, amejaa sifa. Aliniambia kwamba pale mnapojenga zile ofisi za mkoa, msimamizi aliwauliza vijana nani atabaki kulinda saruji na mbao wakati wote wengine wamekwenda nyumbani kula sikukuu ya Noeli, na kwamba wewe ulinyoosha mkono hata hajamaliza kusema. "Kijana wako ana moyo wa kazi," akasema. Nikamjibu kweli anao. Akaondoka amefurahi, nami nikabaki nimeshika jembe bila kulima.

Mtu anayenyoosha mkono haraka hivyo ili akae peke yake sikukuu, mimi namjua. Niliwahi kuwa yeye.

Ngoja nikueleze niliyoyaona, ili usidhani nakisia. Mkanda wako umeutoboa tundu jipya kwa msumari. Kila ukija nyumbani, ugali unaumega vizuri mbele yangu, kisha unatoka nje, na mbwa wetu Simba ndiye pekee aliyenenepa katika nyumba hii tangu masika. Usiku nasikia kitanda chako. Na siku ile ya Jumamosi nilikukuta stoo, umekaa juu ya gunia la maharage ya mama yako, mlango umeufunga. Nikakuuliza unafanya nini. Ukasema, "Natafuta jembe, baba." Jembe ulikuwa umelishika mkononi, Noeli. Mimi nikasema, "Haya." Nikaondoka.

Hiyo "haya" imeniuma kuliko jambo lolote mwaka huu, ukiacha lile kubwa tunalolijua wote wawili. Nimeitafuna wiki nzima. Nilipokuacha ndani ya stoo ile, nilijua kabisa hutafuti jembe.

Sasa nikwambie kuhusu Basotu. Unajua niliendesha kombaini ya kuvuna katika mashamba ya ngano, na unajua hadithi zake za kuchekesha, za nyoka aliyeingia kwenye injini na mpishi aliyetia chumvi kwenye chai ya meneja. Za mwisho sijakusimulia. Ulikuwa hujaanza kutambaa. Ilikuwa miaka ile serikali inajitoa kwenye mashamba, kila siku tunaambiwa mwekezaji anakuja, na kila wiki jina la mtu linasomwa apande lori arudi kwao. Mashine zilisimama zimepangwa mstari, nyasi zikaota kwenye magurudumu. Desemba wakatafuta mtu wa kuzilinda wakati wa sikukuu. Nikanyoosha mkono.

Kwa nini? Kwa sababu nilijua nikirudi kwetu Endasak kila nyumba itaniuliza habari za kazi, nami sina kazi ya kusimulia. Unaijua Noeli ya kwetu. Huwezi kupita mlango wa mtu. Unaingia, unaamkia wakubwa, unakaa, unawekewa sahani, na usipokula umemtukana mama wa nyumba. Yuda mwaka mmoja alizunguka kwa adabu hiyo mpaka akalala chini nyuma ya kanisa, hawezi kusimama wala kutapika, anaomba padri aitwe. Tukamcheka mpaka Pasaka. Lakini mimi wa mwaka ule nilikuwa naogopa sahani zile, na maswali yake, kama mtoto anavyoogopa sindano. Nikaona afadhali kulinda vyuma.

Nikamwandikia mama yako: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu. Sikukuu njema. Nikampa dereva wa lori aipeleke.

Mtu akikaa peke yake, sufuria ndiyo inayokufa kwanza. Hujiambii kwamba hutapika. Unasema tu nitapika baadaye, kisha unalala na baadaye yako. Halafu unakunywa, maana watu wa vijijini walikuwa wema, kila aliyepita kwenda kwenye sherehe alimwachia mlinzi kidumu cha pombe. Halafu usingizi unakuacha. Na usingizi ukishakuacha kichwa kinaanza kusema na wewe kwa sauti yako mwenyewe, ndiyo maana unakiamini. Kilikuwa kinaniambia kwamba mke wangu ataishi vizuri zaidi bila mwanamume aliyepunguzwa kazini. Sikuona kama ni ugonjwa. Niliona kama ni hesabu ya kweli.

Asubuhi ya Noeli yenyewe nilitembea mpaka ziwani, karibu na kambi yetu. Sikwenda kuoga. Wala sikuwa nimeamua kitu, nataka unielewe hapo, sikuwa nimeamua. Niliingia kwenye matope ya ukingoni na kuona kwamba nikiendelea kutembea hakuna mtu atakayeniita.

Aliyeniita alikuwa mama mmoja mfugaji wa Kibarbaig aliyekuwa akituuzia maziwa kambini, tukimwita Mama Gidamis. Alikuwa ananitafuta kwa hasira. Maziwa yangu yalikuwa yanalala kwake bila kuchukuliwa. Akasimama pale juu na kibuyu chake, akanisalimu, "Habari?"

Nikamjibu, "Nzuri." Nina matope mpaka kiunoni, Noeli, na sijala, na macho mekundu. Nzuri.

"Nzuri gani hiyo?" akasema. "Ya juzi iko kwangu, ya jana iko kwangu. Mtu yuko nzuri anakunywa maziwa."

Nikamwambia aniache, leo ni sikukuu.

"Ni yenu," akasema. "Ng'ombe haina sikukuu. Toka hapo, kiboko anapandia upande huo."

Hakunisogelea na wala hakunibembeleza. Alisimama tu, anangoja, na mtu akikungojea hivyo unaona haya kumchelewesha. Nikatoka. Akanibebesha kibuyu mpaka kambini kana kwamba mimi ni mtumishi wake, akanikalisha nikanywa mgando wote, ninasikia unashuka mpaka miguuni. Ndipo nikasema jambo la kwanza la kweli katika siku nyingi. Nilisema silali. Akasema basi nilale, yeye atakaa. Akakaa kwenye kivuli cha kombaini akishona shanga zake, nami nikalala mpaka jua likaelekea kuzama. Nilipoamka alikuwa ameshachoka na mimi. Akachukua kibuyu akaenda kukamua.

Mara nyingi nimemfikiria yule mama. Sidhani alijua amefanya nini. Kwake ilikuwa siku kama siku nyingine, ng'ombe wanataka kukamuliwa na mteja mmoja ni mjinga. Lakini hilo ndilo lililonisaidia. Sisi tulikuwa tumeipandisha siku ile juu mno, kwamba lazima uwe na furaha, lazima uwe na nguo, lazima uwe na watu wako wote mezani, na asiye navyo anajiona ameanguka kutoka mbinguni. Yeye aliishusha ikawa siku tu. Siku tu mtu anaimaliza.

Nilirudi nyumbani Januari. Mama yako alinipokea mzigo, akanitengea maji, akaniwekea chakula, akaniuliza kwa adabu zote, "Habari za sikukuu?"

"Nzuri," nikasema.

Akaweka sahani chini. Akanitazama. Akasema, "Ila?"

Neno hilo tu. Unajua sisi Waswahili wa bara tulivyo. Mtu ukimwuliza habari atakwambia nzuri, hata kama amefiwa. Nzuri, ila mzee ametutoka. Nzuri, ila nyumba imeungua. Ile nzuri ni mlango tu, habari yenyewe inakaa nyuma ya ila. Mimi nilikuwa nimejifunza kusimama mlangoni. Nikamkasirikia. Nikamwambia ila nini, nimeshasema nzuri, unataka niseme mbaya? Akasema hapana, akaendelea na kazi zake. Kesho yake akauliza tena. Kesho kutwa tena. Nilikaribia kuhamia kwa Yuda.

Nilimwambia shambani. Tulikuwa tunapanda maharage, yeye mbele anachimba mashimo, mimi nyuma natia mbegu. Nadhani niliweza kwa sababu nilikuwa naona mgongo wake tu. Nikaanza, nikasema ila. Nikasema ziwa. Jembe lake likasimama kidogo, kisha likaendelea. Sikusikia pole, na sikuhubiriwa. Alisema, "Panda, nasikia." Tukafika mwisho wa mstari, tukageuka, tukaanza mwingine, nami bado naongea. Jioni alinipeleka kituo cha afya kama mtu anavyompeleka ndama, nyuma yangu nisije nikatoroka. Mganga wa pale alikuwa kijana kutoka mkoa mwingine, akanipima presha, akaniuliza nakula nini na nalala vipi, na niliporudi mara nyingine akaniuliza tena. Nilidhani atanicheka. Alikuwa anaandika tu, kama mtu anayesikiliza kikohozi.

Baada ya hapo mama yako alilifanya neno lile kuwa sheria ya nyumba. Wewe unalikumbuka vizuri kuliko mimi. Ulikuwa unarudi shuleni mbio, unaanza kupiga kelele kutoka kwenye mti wa mlonge, "Shikamoo mama nzuriila!" Umeyaunganisha maneno yote pamoja. Nzuriila mwalimu kanichapa. Nzuriila kalamu imepotea. Hukujua kwamba ni maneno mawili mpaka darasa la tatu. Shangazi yako akauliza huyo mtoto anasema lugha gani, tukacheka.

Na kule hospitali, siku za mwisho za mama yako, nilipoingia aliniuliza kwa shida nimeshindaje. Nikasema vizuri. Hakuwa na nguvu ya kulisema neno. Aliinua kidole kimoja juu ya shuka, akangoja. Nikasema, "Vizuri, ila nakuogopea." Akashusha kidole, akatulia. Sikukwambia hayo. Nilikuwa nayatunza kama mali yangu peke yangu, na huo ni uchoyo, maana yeye alikuwa mama yako.

Tangu tumzike hakuna mtu aliyelitamka neno lile katika nyumba hii. Majirani walikuja na kuni na unga, wakakaa nasi, wakafanya yote ya utu, kisha palizi ikawaita, hatuwalaumu. Tukabaki wanaume wawili wenye adabu. Shikamoo baba. Marahaba, umeamkaje? Poa. Haya. Kila asubuhi hivyo. Ukiwa Babati utanipigia kupitia simu ya dukani, na pale tutabanwa zaidi, maana mtu akiwa na vocha ndogo kitu cha kwanza kukata ni ila. Nzuri zinabaki, zinapendeza, hazina gharama. Shuleni tuliimba ile methali ya mficha maradhi, kwamba kifo humuumbua. Hakuna aliyetwambia kwamba unaweza kuyaficha maradhi makubwa kabisa kwa neno moja dogo la adabu.

Nimekuwa na mawazo ya kukuzuia. Leo mchana nilishika fimbo yangu kwenda kwa Yuda, nimwambie ampelekee msimamizi habari kwamba huji, atafute mlinzi mwingine. Nilifika mpaka kwenye daraja la magogo. Nikaona kwamba kukuzuia bila kukuuliza ni ile ile "haya" yangu, ila imeshika fimbo. Nikarudi. Nilisimama pale muda, nakiri. Mtoto ni wangu, ndiye pekee niliyebaki naye, na sijui nifanye lipi.

Kwa hiyo sikwambii uende wala usiende. Nakwambia ninayoyajua, nawe utachagua ukiwa umeyasikia. Ukienda, washa moto kila siku, hata wa uji, hata huna njaa. Usipomwona mtu mwingine anakula, jiangalie mwenyewe ukila. Pombe watakuletea kwa upendo, nawe hutaweza kuikataa yote, naijua aibu hiyo, lakini usiifanye iwe dawa ya kulala. Mimi niliifanya. Siku ya Noeli yenyewe fagia eneo lako, hesabu mbao zako, fua shati, iwe siku tu. Na mama yako atakuja kichwani siku hiyo, usijidanganye kwamba saruji itamzuia. Hata hapa nyumbani atakuja. Nimeanza kumwona kila ninapoinua mfuniko wa sufuria. Akija, mlilie. Mimi nililia juzi kwenye zizi, nikafikiri ng'ombe watashangaa. Hawakugeuka hata kidogo.

Na kile kichwa kikianza kukwambia hesabu zake, kwamba wewe ni mzigo, kwamba hakuna atakayekuita, jua kimemwambia baba yako maneno hayo hayo na kilikuwa kinasema uongo. Usisubiri mpaka Januari kama mimi. Nenda barabarani, nenda kituo cha afya, nenda kanisani, nenda kwa muuza maziwa. Mwambie yeyote kwamba hulali. Si lazima awe mtu wa maana. Wangu alikuwa ananidai nikachukue maziwa yangu.

Ukienda, mimi nitakuja. Yuda amealikwa kila mahali, tumbo lake litatosha kwa niaba ya ukoo. Nitapanda basi asubuhi ya Noeli na maharage kutoka gunia lile ulilolikalia, nitayapika hapo hapo kwenye mawe yenu ya ujenzi. Mimi si mpishi, unajua, utavumilia.

Sasa nimalizie salamu niliyoikata mwanzoni, maana barua isiyo na salamu mwalimu wangu angeirudisha. Mimi baba yako ni mzima, ila silali. Mimi ni mzima, ila nyumba hii inanitisha ukiondoka, na ukibaki inanitisha kwa sababu nakusikia umeamka na sijui kubisha hodi. Mimi ni mzima, ila namkumbuka mama yako sana. Hofu na mashaka ni juu yako, na safari hii nimeyaandika nikiwa nayajua.

Kesho nitakuwa jikoni, nimeshachemsha chai. Utatoka, utasema shikamoo, nitaitikia. Nitakuuliza umeamkaje. Utasema poa, kwa sababu ndivyo ulimi unavyojua. Sitasema haya. Nitasema neno la mama yako, kisha nitanyamaza. Usione haya kuchelewa kunijibu. Kijana wa pikipiki atakayekupeleka kwenye basi atapiga honi pale nje, atapiga tena, atanung'unika.

Mwache angoje.

Baba yako